Jeshi Likiondoka, Huacha Nini? Darsa ya Mlima Elgon



Katika darsa zetu za baada ya Isha limezuka suali, na limezungumzwa usiku baada ya usiku bila ya kwisha: askari waliopelekwa katika nchi ya watu yenye fujo, je, yafaa waondolewe au yafaa wabakizwe? Waliouliza walikuwa na Somalia mbele ya macho yao. Majeshi ya Kenya yaliingia huko Oktoba 2011, na mwaka 2012 yakatiwa katika jeshi la Umoja wa Afrika. Tangu hapo jeshi hilo limebadilishwa jina mara mbili: AMISOM likawa ATMIS mwaka 2022, na ATMIS likawa AUSSOM mwaka 2025. Jina hubadilika, suali husalia.

Wako katika sisi waliosema: Waondoke, kwani baada ya kuingia wao ndipo tulipoona msiba wa Westgate mwaka 2013, na wa Garissa mwaka 2015 walipouawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Wako waliojibu: Wakiondoka leo, kesho adui yu Kiunga, na wakaitaja methali ya wazee kuwa amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Kila upande una hoja, wala hatupendi kuudharau mmoja wao. Lakini tuliona kuwa tukishindana juu ya nchi tusiyoijua ila kwa habari za redio, tutashindana mpaka alfajiri. Kwa hiyo tuliazimia kusoma kwanza jambo lililotendeka ndani ya nchi yetu wenyewe; nalo ni la Mlima Elgon, ulioko juu ya miji ya Bungoma na Kitale.

Huenda msomaji akasema: askari wa Mlima Elgon walikuwa Wakenya, si wageni. Ni kweli kwa kitambulisho. Lakini askari asiyejua lugha ya mlima, asiyemjua mzee wa kijiji wala mpaka wa shamba, na asiyeulizwa na mtu yeyote wa pale kwa alitendalo, huyo ni mgeni ijapokuwa bendera ni moja.

Asili ya ugomvi ule ni ardhi. Juu ya mlima, mahali paitwapo Chepkitale, walikaa Waogiek, ambao serikali iliwaita Wandorobo. Mwaka 1968 nchi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa kuwahamishia chini, Chepyuk. Huko walikutana na jamaa zao wa Soy, nao pia ni wahitaji wa ardhi. Mashamba yakagawanywa, ugawaji ukavunjwa, yakagawanywa tena, na wanasiasa wakaufanya ugomvi huo ngazi ya kupandia. Ilipofika awamu ya tatu mwaka 2006, zilichaguliwa familia 1,732, nusu za upande huu na nusu za upande ule, hali walioomba walikuwa maelfu zaidi ya hao. Mtu aliyelima pale na kuzika pale akaambiwa kuwa hana haki. Hapo ndipo lilipopata nguvu kundi la SLDF, lililoongozwa na Wycliffe Matakwei.

Kundi hilo lilidai kuwa latetea ardhi. Lakini liliua, likakata watu masikio, likachoma nyumba, na likatoza kodi kama kwamba ni dola. Shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa waliouawa nalo walizidi 600. Makumi ya maelfu walihama. Wengine waliteremkia upande wa Bungoma, wengine upande wa Kitale, na wengine wakavuka kwenda Uganda. Polisi walipelekwa, wasiweze kuuzima moto huo.

Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi, kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wengi katika watu wa mlima walilipokea kwa furaha, maana walikuwa wamechoka kulala maporini. Furaha hiyo haikudumu. Wanaume, na hata wavulana, walikusanywa vijijini wakapelekwa katika kambi ya Kapkota kuchujwa. Na mashirika ya haki za binadamu, ya nchini na ya nje, yaliandika habari za mateso, za waliokufa, na za waliochukuliwa wasionekane tena. Jeshi lilikanusha. Mei 2008 Matakwei aliuawa, na nguvu za kundi lake zikavunjika.

Sasa, jeshi lile lilifaulu au lilishindwa? Aliyerudi shambani kwake kutoka ukimbizini atasema: Lau si askari, nisingaliliona tena jiko langu. Na mama ambaye mwanawe alitiwa katika gari la jeshi asirudi atasema: Lau si askari, mwanangu yu hai. Wote wawili wasema kweli. Ikiwa kweli mbili zapingana namna hii, basi huenda suali tulilouliza halikuulizwa sawasawa.

Hebu tuitazame aya ya 9 ya Sura ya Hujurat, inayohusu makundi mawili ya Waumini yakipigana. Mara nyingi twaitaja kwa haraka, tusitazame mpango wake. Kwanza imeamrishwa sulhu. Likikataa kundi moja likadhulumu, ndipo imeamrishwa kulipiga, na kupiga huko kumewekewa kikomo, nacho ni kundi hilo kurejea katika amri ya Mwenyezi Mungu. Likisharejea, imeamrishwa sulhu mara ya pili, na hii ya pili imefungwa kwa uadilifu. Basi nguvu imewekwa katikati ya sulhu mbili, kama mlango uliosimama juu ya mihimili miwili. Uondoe mmoja, mlango utakuangukia. Na ijapokuwa aya yawataja Waumini, utaratibu huu kila mwenye akili aweza kuupima, awe wa dini yetu au wa nyingine.

Tupime basi. Sulhu ya kwanza ilikuwa wapi Mlima Elgon? Kutoka 1971 hadi 2006 ni miaka 35. Muda wa kutosha kupima mashamba, kuandika majina na kuwakalisha wazee wa pande mbili mkekani. Haukutumiwa kwa hilo. Na sulhu ya pili, ile ya uadilifu, ilikuwa wapi? Madai ya waliosema wameteswa yalifikishwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2012 majaji wa rufaa waliamua kuwa yameletwa baada ya kupita miezi miwili iliyowekwa na mkataba. Hawakusema kuwa watu waliteswa, wala hawakusema kuwa hawakuteswa. Mlango ulifungwa kabla ya kiini kutazamwa. Ama ardhi ya Chepkitale, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua Septemba 2022 kuwa ni ya Waogiek. Hukumu hiyo twaifurahia, lakini haikugusa ugawaji wa Chepyuk; nayo ilikuja miaka 14 baada ya bunduki. Bunduki haikungoja miaka mingi hivyo kufika.

Wala asidhani mtu kuwa twasema waondoke tu yakaisha. Ng'ambo ya pili ya mlima ule ule ni Uganda. Jeshi la Tanzania liliingia Kampala Aprili 1979, likamwondoa Idi Amin, na sehemu kubwa ya askari wake walikwisha rudi kwao kufikia katikati ya mwaka 1981. Waliondoka, lakini Waganda walikuwa bado hawajapatana. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulipingwa, na vita vilivyoanza mwaka 1981 vilimwaga damu nyingi Luwero, visiishe ila Januari 1986. Kwa hiyo kukaa kwa askari hakuleti uadilifu, na kuondoka kwao hakuleti amani. Vyote viwili vyangoja kazi nyingine, ambayo askari hakufundishwa kuifanya.

Natija ya darsa yetu ni hii. Anayetaka askari wabaki, awe Somalia au penginepo, atueleze sulhu gani yatayarishwa chini ya ulinzi wao, na ni nani wa pale awezaye kuwashitaki wakidhulumu. Na anayetaka waondoke, atueleze nani atamlinda mnyonge usiku wa kwanza baada ya gari la mwisho kupita. Asiye na jibu, hajaleta rai bado. Ameleta hasira au hofu tu.

Na sisi wa pwani tusijidanganye kuwa haya ni ya watu wa bara. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, na operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza Septemba 2015, tumekaa na askari. Na wavuvi wa Lamu wajua maana ya kukatazwa bahari usiku. Tuna maskwota, tuna mashamba yasiyo hati, tuna hati zisizo haki. Hii ndiyo miaka yetu ya sulhu ya kwanza, nayo yapita. Mwenye ugomvi wa shamba na auandikishe sasa, wazee wakiwa hai wa kushuhudia mipaka. Na viongozi wa msikiti wasingoje mpaka damu imwagike ndipo watandike mkeka.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Mlima Elgon una kovu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watu wake haki pamoja na amani, na sisi atujaalie kuitafuta sulhu kabla ya kuuita upanga. Amin.