SOMO KWA VYAMA VYA WAVUVI: USUKANI MZITO WA BOTI NA DAWA YAKE

Wazee wa pwani husema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo huwafariji watu baada ya ajali isiyozuilika. Lakini usukani wa boti ya chama unapokuwa mzito, hayo si majaliwa. Ni ugonjwa wenye sababu zinazojulikana, na kwa kawaida hujionyesha mapema kabla ya siku ya hatari. Somo hili lakusudiwa kuwasaidia makatibu, manahodha na wanachama kuutambua ugonjwa huo, ili chama kisipoteze fedha kwa vipuri visivyohitajika wala kisihatarishe maisha ya wavuvi.

Namna usukani unavyofanya kazi

Katika boti ndogo yenye injini ya kupachika, gurudumu la usukani huzungusha meno yaliyomo katika kisanduku chake. Meno hayo husukuma na kuvuta kebo, yaani waya mnene uliomo ndani ya ala. Mwisho wa kebo ni fimbo ya chuma ipitayo katika bomba la injini, lile ambalo injini huzungukia inapoinuliwa. Fimbo hiyo imeunganishwa na injini kwa mkono mfupi wa chuma. Nayo injini hugeuka kulia na kushoto juu ya mhimili wake wa wima. Basi uzito waweza kutoka mahali pane: kisanduku, kebo, bomba au mhimili.

Adui mkubwa wa sehemu hizo ni maji ya chumvi. Grisi kuukuu hukauka ikawa ngumu, chumvi ikaganda, na kutu ikaingia. Hali huwa mbaya zaidi boti ikikaa pwani muda mrefu bila kutumiwa, kama wakati wa kusi kali.

Kutafuta mahali penye ugonjwa

Kazi hii ifanywe boti ikiwa imefungwa pwani na injini imezimwa.

1. Fungua mkono unaounganisha fimbo na injini, kisha geuza injini kwa mikono. Ikiwa ni nzito, ugonjwa umo katika mhimili.

2. Ikiwa injini yageuka kwa wepesi, zungusha gurudumu. Likiwa zito, ugonjwa umo katika bomba, kebo au kisanduku.

3. Toa fimbo katika bomba, uzungushe tena. Likiwa jepesi sasa, bomba ndilo lenye uchafu. Likibaki zito, tenganisha kebo na kisanduku ili kila kimoja kipimwe peke yake.

Dawa

Mhimili utiwe grisi mpya ya vyombo vya majini kwa pampu, mpaka ile kuukuu itoke, huku injini ikigeuzwa huku na huku. Bomba lisafishwe ndani kwa burashi, na fimbo ifutwe na kupakwa grisi. Bomba lenye kitundu cha kutilia grisi lisitiwe kitu kabla fimbo haijarudishwa yote ndani, kwa maana grisi yaweza kujaa mbele yake na kuikwamisha.

Kebo iliyoingia kutu ndani ya ala haina dawa ila kubadilishwa. Mafuta yakimiminwa humo huleta nafuu ya siku chache tu. Kebo mpya iwe na urefu uleule ulioandikwa kwenye ile ya zamani, na ipitishwe bila mikunjo mikali. Nati za kujikaza katika mkono wa injini zisirudishwe zikiwa zimechakaa, wala zisibadilishwe kwa nati za kawaida. Nati ikifunguka baharini, nahodha hana tena amri juu ya boti.

Endapo usukani ni mwepesi pwani lakini boti huvuta upande mmoja ikiwa mwendoni, pengine kebo haina kosa. Injini nyingi zina kibao kidogo juu ya rafadha. Boti ikivuta kushoto, ncha ya nyuma ya kibao isogezwe kushoto kidogo. Ikivuta kulia, isogezwe kulia.

Injini ikiwa kubwa, chama chaweza kufikiria usukani wa mafuta. Huo ni mwepesi, lakini bei yake ni kubwa, na wahitaji fundi anayejua kuondoa hewa na kuzuia uvujaji.

Wajibu wa chama

Boti ni mali ya wanachama wote, lakini hatari humkabili yule aliye zamu. Kwa hiyo nahodha anayetoa habari ya usukani mzito asihesabiwe kuwa mvivu. Katibu aiandike habari hiyo katika daftari la boti siku ileile, pamoja na tarehe ya kutia grisi na ya kubadilisha kebo. Kamati nayo itenge fedha za matengenezo kabla ya kugawa mapato. Boti yenye usukani unaokwama isitoke, hata kama samaki ni wengi.

Maswali ya kujadiliwa

1. Usukani wa boti ya chama chenu ulitiwa grisi lini, na imeandikwa wapi?

2. Ni nani katika chama chenu mwenye mamlaka ya kuizuia boti isitoke?

3. Kwa nini si vema kununua kebo mpya kabla ya kufungua mkono wa injini?