Kondoo Shimoni Siku ya Sabato

Wazazi Wakristu, watoto wetu huuliza mara nyingi: Kwa nini Mafarisayo walimkasirikia Bwana Yesu alipowaponya wagonjwa siku ya Sabato? Nasi twajibu upesi: Kwa sababu walikuwa wanafiki, nayo dini ya Wayahudi haikuwa na huruma. Jibu hilo ni jepesi, lakini si la haki. Tena latuficha maana ya maneno ya Bwana mwenyewe.

Yesu alizaliwa na mama Myahudi, akatahiriwa siku ya nane, na siku ya Sabato alikuwa na desturi ya kuingia katika sinagogi. Kwa taifa lake Sabato ilikuwa zawadi ya Mungu: siku ya kumpumzisha bwana na mtumwa, mgeni na hata mnyama.

Basi walimu wa wakati ule hawakubishana kama Sabato ishikwe, bali ishikwe namna gani. Tangu mwaka 1947 ziligunduliwa hati za kale katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Katika sheria za jumuiya iliyohusiana na hati hizo mna katazo hili: mnyama akitumbukia shimoni siku ya Sabato, asitolewe. Walimu wengine walikuwa wapole zaidi. Mafundisho yao, yaliyokusanywa katika Mishna karibu na mwaka 200, yasema kwamba penye hatari ya kufa, kuokoa maisha hutangulia Sabato.

Sasa tufungue Injili ya Mathayo, sura ya 12. Mbele ya mtu mwenye mkono uliopooza, Bwana awauliza watu: Ni nani kwao asiyemwinua kondoo wake aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato? Swali lenyewe laonyesha kwamba wasikilizaji wake hawakushika katazo lile kali. Kutoka hapo, kama walimu wa Kiyahudi walivyozoea, apanda toka jambo dogo hata kubwa: ikiwa kondoo astahili kuokolewa, je, si zaidi mwanadamu?

Lakini mkono uliopooza hauui. Mgonjwa yule angaliweza kungoja hata kesho. Hapo ndipo penye ugomvi, na hapo wapinzani walikuwa na hoja, ingawa wengine waliishia kufanya shauri baya juu yake. Yesu hakukubali mtu angojeshwe hata siku moja. Na katika sura iyo hiyo asema kwamba yeye ni Bwana wa Sabato. Asiyeijua hoja yao hawezi kuona ukubwa wa neno hilo.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate, ulifundisha kwamba Wayahudi wasitajwe kana kwamba wamekataliwa au kulaaniwa na Mungu. Fundisho hilo lahusu pia katekisimu tunayofundisha nyumbani. Mtoto akizoezwa kulidharau taifa la Yesu, amdharau pia Mama yake na Mitume wake.

Basi tuwafundishe ukweli wote, kisha tujiulize sisi wenyewe: Baada ya Misa ya Dominika, ni nani jirani yetu aliye shimoni, naye tumemwambia angoje hata kesho?