Wageni wa Kaskazi: Kutazama Ndege na Wadudu Wahamiaji Ukiwa Nyumbani

Kiangazi kikielekea ukingoni Ulaya na Asia, kati ya Agosti na Septemba, wadudu huanza kuadimika huko, na ndege wanaowategemea hushika safari ya kusini. Ifikapo Oktoba wengi wamekwisha kufika kwetu Afrika Mashariki. Huhitaji darubini wala kiingilio cha hifadhi ili kuwaona. Kaa barazani asubuhi au saa kumi na moja jioni, utazame nyaya za umeme.

Mtafute kwanza mbayuwayu wa Ulaya, ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi. Koo lake lina rangi ya kutu, na chini ya koo hupita utepe wa buluu iliyokolea. Mbayuwayu mkaazi mwenye nyuzi nyembamba mkiani anafanana naye, ila huyo ana utosi wa kutu na koo jeupe. Yule mweusi anayejenga kwenye ghorofa mwaka mzima ni teleka. Huyo hatui wayani, kwani miguu yake imeumbwa kwa kung'ang'ania ukuta. Keremkerem wa Ulaya nao hupita juu sana, makundi kwa makundi, na aghalabu utawasikia kabla hujawaona.

Upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, watazame kereng'ende. Yule wa rangi ya dhahabu anayezunguka uwanjani pasipo kutua, mvua inapokaribia au ikiisha kunyesha, ana mwili wa takriban sentimita 5 tu. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson alieleza jinsi mamilioni yao wanavyovuka Bahari ya Hindi kutoka India, kupitia Maldives, hadi Afrika Mashariki. Wanabebwa na upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi katika pwani yetu! Watoto wao hukulia kwenye madimbwi ya mvua wakila viluwiluwi vya mbu, na kwa hilo pekee wanastahili heshima yetu. Kozi wa Amur, wanaozaliana Siberia na kaskazini mwa China, huvuka bahari hiyohiyo. Kumbikumbi wakitoka Novemba au Desemba, inua macho, huenda kozi hao wakawa wanawadaka angani.

Weka daftari. Andika tarehe, saa, mahali na idadi. Tarehe ya kumwona mbayuwayu wa kwanza, na ya kumwona wa mwisho mwezi Machi au Aprili, zina thamani kuliko orodha ndefu ya majina. Miradi ya Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas hupokea kumbukumbu za wananchi wa kawaida.

Ndege wengi wadogo husafiri usiku, na taa huwapotosha. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, taa za hoteli huwavuta kwa wingi usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, na tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa hapo, kuwavisha pete miguuni na kuwaachia. Nyumbani kwako hakuna mtafiti wa kuwapokea. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, tafadhali zima taa ya nje isiyo na kazi kabla ya kulala, hasa ukungu ukitanda.