Goti Jipya na Kigoda cha Zamani

Ushauri mwingi kuhusu goti bandia huzungumzia gofu na baiskeli. Huku kwetu goti hupimwa na choo, mkeka, kigoda na jembe. Basi tuanze na hayo.

1. Chagua tarehe kwa kalenda ya shamba. Siku hizi si lazima ufunge safari hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma nayo hubadilisha magoti. Daktari akikupa nafasi ya kuchagua, fanyiwa baada ya kuvuna uwele na mtama, Juni au Julai. Utajifunza kutembea upya kwenye ardhi kavu, na mvua za Desemba zitakukuta una miezi mitano hivi. Anayefanyiwa Novemba atahangaika na magongo kwenye tope huku roho ikimuuma kuona wenzake wanalima.

2. Ondoa mto chini ya goti. Hapa sina mzaha. Shangazi mwenye huruma atakuwekea mto kwa sababu unaona raha. Mshukuru, kisha uutoe. Goti linalolala limekunjwa wiki za mwanzo linaweza kugoma kunyooka kabisa, na wewe ukabaki unachechemea. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, kaza msuli wa paja, sukuma goti kuelekea godoroni, hesabu hadi tano, pumzika, rudia. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa imeze kama nusu saa kabla ya mazoezi, usingoje ulie kwanza.

3. Tengeneza choo kabla hujalazwa. Choo cha kuchuchumaa kitakushinda kabla mlima wowote haujakushinda. Mwite seremala akuundie kiti cha mbao chenye tundu, miguu yake ikae kwa kutanuka, na kimo chake kiwe kile ambacho ukikaa magoti hayapandi juu ya nyonga. Apigilie na kishikio ukutani. Wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Sikipendi, maana sakafu ikilowa miguu yake huteleza.

4. Kigoda kipumzike. Inua jiko juu ya matofali hadi usawa wa kiuno. Mlenda hauna habari kama mpishi amekaa au amesimama.

5. Tembea asubuhi na mapema. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kuna ubaridi mzuri, na mitaa mingi ni tambarare. Zunguka nyumba, kesho kutwa nenda hadi dukani. Jioni likague goti: likiwa limevimba na lina joto kuliko jana, punguza mwendo, uliweke barafu iliyofungwa kwenye kanga kwa dakika 15 hadi 20. Uvimbe kidogo kwa miezi kadhaa ni kawaida, na ganzi kando ya kovu pia. Kigimbi kikiuma na kuvimba, pumzi ikibana ghafla, homa ikipanda au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

6. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Uliofanyiwa upasuaji hutangulia kushuka. Kwenye daladala ni vilevile, konda apende asipende. Bodaboda ingoje.

7. Ukiitwa Dar, panda treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu Julai 2024. Unaweza kuinuka na kutembea ndani ya behewa, na damu huganda kirahisi miguuni mwa mtu aliyekaa saa nyingi. Kwenye basi omba kiti cha njiani.

8. Magoti, jembe, ngoma. Kupiga magoti hakuvunji kiungo bandia, ila wengi hukereka. Kidonda kikishapona, jaribu kwanza kwenye godoro. Msikitini na kanisani kiti kinatosha. Jembe liwe na mpini mrefu, ulime kidogokidogo. Mzabibu uliofungwa kwenye waya unaupogoa ukiwa umesimama. Kuruka acha: magoti bandia zaidi ya 8 kati ya 10 hudumu miaka 25, na vishindo havilisaidii la kwako. Na wewe mama unayepiga muheme, ngoma ile hubanwa kati ya mapaja. Nenda nayo kliniki, mwoneshe mtaalamu wa fiziotherapia jinsi unavyoishika. Huenda hajawahi kuiona.