Mahali pa Faragha

Liko lalamiko moja ambalo mapadre hulisikia mara kwa mara, hasa wakati wa Kwaresima: “Padre, kusali peke yangu napenda, lakini nafasi sina.” Asemaye hivyo kwa kawaida si mvivu. Ni mama mwenye watoto sita na chumba kimoja. Ni karani aondokaye nyumbani kabla ya mapambazuko. Ni katekista ambaye hana jioni isiyo na mkutano. Watu hao twawaheshimu. Walakini yatupasa kuwaambia kwamba nafasi si kitu cha kuokotwa njiani. Nafasi ya sala hukatwa, kama fundi akatavyo nguo katika jora, na mara nyingi hukatwa mahali panapouma.

Tuitazame Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya sita. Mitume wamerudi kutoka safari yao ya kuhubiri, nao wamechoka. Watu wanaingia na kutoka, hata hakuna saa ya kula. Bwana wetu anawaita waende mahali pasipo watu, wapumzike. Wanapanda mashua. Hapo twatazamia kusoma kwamba walipumzika; kumbe sivyo! Watu waliwaona wakiondoka, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia kufika. Faragha ile ikavunjika kabla haijaanza. Je, Bwana alifanya nini? Hakuwafukuza. Aliwahurumia, akawafundisha mpaka siku ikaanza kuchwa, kisha akawalisha wanaume elfu tano. Wengi wetu huishia hapo, tukatoka na fundisho kwamba upendo hutangulia mapumziko. Ni kweli. Lakini tusome mistari michache zaidi. Mara baada ya chakula aliwashurutisha wanafunzi wapande mashua, akawaaga makutano, akaenda zake mlimani kusali. Siku ile ile! Saa alizonyang’anywa mchana alizirudisha usiku. Hakungoja juma lijalo, wala hakusema kwamba kuwahudumia watu kumekwisha kuwa sala yake ya siku hiyo.

Neno hili la mwisho twalisikia sana siku hizi: “Kazi yangu ndiyo sala yangu.” Kwa mtu anayesali, lina ukweli mwingi. Kwa asiyesali, ni la kujifariji tu.

Pengine mama yetu wa chumba kimoja atajibu: Bwana alikuwa na mlima, mimi sina. Basi na asikie habari za Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyezaliwa Italia mwaka 1347. Baba yake alikuwa mtia rangi nguo, na nyumba yao ilijaa watoto. Wazazi walimtaka aolewe. Yeye alikuwa amejitoa kwa Kristo, akakata nywele zake. Wakakasirika. Wakamnyang’anya chumba alichozoea kusalia, wakampa kazi zote za jikoni, wakidhani kwamba binti asiye na chumba ataacha sala. Katarina akajijengea chumba moyoni mwake, ambacho hakuna awezaye kumtoa. Tena akabuni njia nyepesi, hata mtoto aweza kuifuata: alipomhudumia baba yake, aliwaza kwamba anamhudumia Kristo, katika mama yake alimwona Bikira Maria, na katika ndugu zake Mitume. Hivyo jiko likawa kanisa. Baadaye baba alilegea, akamrudishia chumba. Wala msidhani kwamba faragha ilimfanya Katarina mtu wa kukimbia watu. Aliwauguza wagonjwa, aliwapatanisha maadui, na mwaka 1376 alifika Avignon kumsihi Papa Gregori wa 11 arudi Roma. Alikufa mwaka 1380, na mwaka 1970 Papa Paulo wa 6 alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Kanisa lilimpa sisi waandishi wa magazeti kuwa msimamizi wetu mwaka 1923, alimtaja Katarina katika kitabu chake juu ya maisha ya ibada kilichotoka mwaka 1609. Kitabu hicho hakukiandikia watawa, bali watu wa nyumbani na wa kazini. Ashauri saa moja kila siku ya kutafakari, afadhali asubuhi, akili ikiwa imetulia baada ya usingizi. Asubuhi ikipotea, asema, irudishwe baada ya chakula cha mchana. Waonaje? Ni fundisho lile lile la mlimani.

Nasi Wakristo wa leo tumezidi kuwa watu wa makelele. Tuna jumuiya ndogo ndogo, vyama vya kitume, kwaya na kamati. Vyote ni vyema. Lakini mtu aweza kuvihudhuria toka Jumatatu hata Jumapili, asimwambie Mungu neno lake mwenyewe hata moja. Siku ya ugonjwa, usiku wa manane, kwaya haipo, kiongozi wa jumuiya amelala, na mgonjwa hajikuti na neno. Yu mgeni mbele ya Mungu ambaye amemwimbia miaka thelathini. Jambo hilo latutisha kuliko uchache wa watu Misani. Tena tutaongeza neno ambalo pengine halitawapendeza waimbaji: baada ya Komunyo Misale yaruhusu kimya kitakatifu, mbona twakijaza wimbo juu ya wimbo, kisha matangazo?

Basi mtu aanze na robo saa. Ajue mapema ni robo ipi: jogoo awikapo, au njiani kwenda shambani, au kanisani watu wengine wakiisha kutoka. Simu ya mkononi aiache chumba kingine, maana mlio mmoja watosha kumrudisha sokoni. Achukue Injili, asome mistari mitano, kisha anyamaze. Mume amlinde mkewe robo hiyo kwa kuwashika watoto, na mke amlinde mumewe kwa kumwambia mgeni angoje kidogo. Mtoto akilia sana, mama aende kwa mtoto bila wasiwasi wo wote. Na usiku, nyumba ikinyamaza, adai dakika zake zilizosalia.