SOMO LA JUMUIYA: UKIFIKA KITUO CHA POLISI



Somo letu mara hii linahusu mahali ambapo wengi wetu hatupendi kwenda, lakini siku ya shida tunaenda mbio: kituo cha polisi. Lisomwe polepole katika jumuiya, na asiyejua kusoma asomewe.

1. TUTAZAME

Jumatatu moja asubuhi nyanya mmoja kutoka upande wa Sagalla alinijia ofisini. Mjukuu wake alikuwa amekamatwa Ijumaa jioni mjini Voi, katika ugomvi wa vijana. Jumamosi nyanya akateremka, lakini kituoni hakuingia, aliogopa. Nje akakutana na kijana aliyejidai anajuana na askari. "Nyanya, lete elfu sita, leo hii atatoka." Akarudi mlimani, akauza mbuzi wawili kwa bei ya hasara, akatoa pesa. Risiti hakupewa, na jina la yule kijana hakuuliza.

Mjukuu hakutoka. Jumatatu alipelekwa kortini, na huko nyanya akaambiwa kuna dhamana ya kulipa. Mbuzi wamekwenda, na mtoto bado yuko ndani.

Nyanya huyu si mjinga. Amelea watoto na wajukuu kwa jembe lake. Aliibiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza mambo machache tu, hata sisi watu wa kanisa tunaomsalimu kila Jumapili. Ndiyo maana naandika somo hili.

2. TUJIFUNZE

Voi ni njia panda. Kuna barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, kuna njia ya Taveta, na tangu 2017 kuna treni ya SGR. Watu wanaingia na kutoka usiku na mchana. Askari wana kazi nyingi, na wengine wao tunasali nao. Lakini neno lao wenyewe ni "Utumishi kwa Wote", na huo utumishi una utaratibu wake.

a) Kuripoti. Ukifika, nenda kwenye meza ya askari wa zamu. Eleza jambo lako kwa ufupi: nini, wapi, lini, nani aliona. Lazima liandikwe katika kitabu cha OB. Usiondoke bila namba ya OB na tarehe yake. Andika kwenye karatasi uiweke vizuri, maanake ukirudi bila namba ni kama hukuja. Kuripoti ni bure.

b) Ukiumizwa. Ikiwa umejeruhiwa vibaya, tangulia hospitali. Usikae na damu kungoja karatasi. Kisha polisi watakupa fomu ya P3, ambayo mhudumu wa afya anajaza kuonyesha umeumia namna gani. Fomu yenyewe hutolewa bure. Bila P3, kesi ya kupigwa inakuwa dhaifu sana mbele ya hakimu.

c) Kunajisiwa. Hapa saa ni muhimu kuliko yote. Aliyetendewa asioge, asifue nguo. Nguo ziwekwe ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki, zipelekwe. Afike hospitali, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazisaidii baada ya hapo. Mapema ni bora. Na wazee wetu wanisamehe, lakini jambo hili halimalizwi kwa mbuzi na pombe ya mnazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiwapi wazazi wala wazee ruhusa ya kuifuta kesi. Mtoto aliyeumizwa hana fungu katika mbuzi wale.

d) Kupotelewa. Kitambulisho au cheti kikipotea, unaomba hati ya polisi, ile watu huita abstrakti. Nayo hutolewa bure.

e) Kukamatwa. Wengi wetu bado tuna sheria ya zamani kichwani. Zamani mshukiwa wa kosa la kunyongwa aliweza kukaa seli siku 14. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, ilibadilisha hayo. Aliyekamatwa lazima aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili au mtu wa kumsaidia. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiishia siku ambayo korti imefungwa, basi ni siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo mjukuu wa yule nyanya, aliyekamatwa Ijumaa jioni, angefikishwa Jumatatu hata bila mbuzi kuuzwa. Mtoto asifungiwe pamoja na watu wazima, na mwanamke apekuliwe na askari mwanamke.

f) Dhamana. Polisi wanaweza kumwachilia mtu kwa dhamana kabla ya korti. Bondi ya polisi ya ahadi tu hailipiwi chochote. Ikiwa ni dhamana ya pesa, unapewa risiti, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa alihudhuria siku zote. Pesa isiyo na risiti si dhamana. Ni pesa iliyopotea.

g) Yasiyo ya polisi. Deni la kawaida si kosa la jinai, hivyo polisi si watu wa kukusanya madeni. Ndovu akivamia shamba, ripoti kwa KWS.

h) Usipotendewa haki. Askari aliyevaa sare anatakiwa aonyeshe jina au namba yake. Iandike. Kwanza omba kumwona mkuu wa kituo, OCS, kwa heshima. Ikishindikana, iko IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza malalamiko juu ya polisi. Inapokea malalamiko kutoka kwa mwananchi yeyote.

3. TUTAFAKARI

Tukumbuke mjane wa Luka 18, aliyemwendea kadhi mbaya tena na tena mpaka akapewa haki yake. Hakwenda na zawadi, wala hakumtuma mtu wa nje ya mlango. Alikwenda mwenyewe akasema shida yake. Na tukiri yetu pia: kila tunapotoa kitu kidogo ili tupite haraka, tunamfungia mlango yule asiye na kitu.

4. TUTENDE

– Kila jumuiya ichague watu wawili, mama na kijana, wa kumsindikiza mwenye shida kituoni. Mtu mmoja anaogopa, lakini wawili wanaulizana.
– Namba hizi zibandikwe mahali watu wanaziona: polisi 999 au 112, dhuluma za kijinsia 1195, watoto 116. Hazilipiwi.
– Tumwalike OCS au askari wake katika mkutano wetu. Aje aeleze shida zake, nasi tueleze zetu.
– Ukiitwa kuwa shahidi, nenda. Kesi nyingi hufa kwa sababu sisi wenyewe tuliona halafu tukasema hatukuona.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani katika jumuiya yetu aliyewahi kutoa pesa bila risiti? Angefanya nini leo?
2. Kwa nini tunaogopa kuingia kituoni? Hofu hiyo ina msingi gani?
3. Je, kuna mtoto kijijini kwetu ambaye jambo lake "lilimalizwa nyumbani"? Tunamsaidiaje sasa?

Yule nyanya alilipiwa dhamana na jumuiya yake, kila nyumba ikatoa ilicho nacho. Mjukuu alihudhuria korti kila siku aliyoitwa. Kesi ilipoisha pesa zikarudishwa, na nyanya akazipeleka mwenyewe kwa mweka hazina. Risiti bado anayo, ameifunga kwenye ncha ya leso.