Kasi ya Gari na Umbali wa Kusimama

Kidete, wilayani Kilosa, ni stesheni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Lakini garimoshi lina njia yake peke yake, ambapo barabara ya kijiji hutumiwa kwa pamoja na malori, pikipiki, baiskeli, mifugo na watoto waendao shule. Na ichukuliwe kwamba wakazi wa mahali kama Kidete wamekutana kujadili kasi ya magari yapitayo kijijini. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo yenye makazi. Wazazi wanataka 30. Wenye magari ya mazao wanajibu kwamba tofauti ya 20 ni ndogo mno, nayo itawachelewesha bure. Makala haya yanaonyesha jinsi hoja hizo mbili zinavyoweza kupimwa kwa kanuni zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Sehemu mbili za umbali

Dereva aonapo hatari, gari halisimami papo hapo. Kwanza hupita muda wa kuona, kuamua na kukanyaga breki. Muda huo hukadiriwa kuwa sekunde 1 kwa dereva aliye macho, nao huongezeka kwa uchovu au ulevi. Katika muda huo gari huendelea kwa kasi ileile. Pili, breki zikishashika, msuguano kati ya matairi na barabara hupunguza kasi hatua kwa hatua mpaka gari lisimame.

Umbali wa kwanza ni kasi mara muda. Umbali wa pili hupatikana kwa kugawanya kipeo cha pili cha kasi kwa mara mbili ya kiwango cha kupungua kwa kasi. Kwa barabara ya udongo mkavu na changarawe, kiwango hicho na kichukuliwe kuwa meta 4 kwa sekunde kwa sekunde.

Kilometa 30 kwa saa ni sawa na meta 8.3 kwa sekunde. Gari litasafiri meta 8.3 kabla ya breki, na meta 8.7 baada ya breki: jumla meta 17. Kilometa 50 kwa saa ni sawa na meta 13.9 kwa sekunde. Hapo umbali wa kwanza ni meta 13.9 na wa pili ni meta 24.1: jumla meta 38. Kasi haijafika hata mara mbili, lakini umbali umezidi mara mbili.

Mtoto aliye umbali wa meta 17

Na tofauti hii itazamwe kwa mfano mmoja. Mtoto anaingia ghafla barabarani, meta 17 mbele ya gari. Lililokuwa likienda kilometa 30 kwa saa litasimama miguuni pake. Lililokuwa likienda 50 litakuwa limefunga breki kwa meta 3 tu, nalo litamgonga likiwa bado na kasi ya karibu kilometa 47 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya mtu aangukaye kutoka kimo cha zaidi ya meta 8, yaani kutoka juu ya mwembe mkubwa hadi chini.

Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza kikomo cha kilometa 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika mara kwa mara na waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

Hoja ya kuchelewa

Hoja ya wenye magari nayo haina budi kupimwa. Ikiwa sehemu yenye nyumba ina urefu wa kilometa 2, gari la kasi ya 50 litaipita kwa dakika 2 na sekunde 24. La kasi ya 30, kwa dakika 4. Hasara ni dakika 1 na sekunde 36. Ni hasara ya kweli, lakini sasa inajulikana kiasi chake.

Hata hivyo, kibao pekee hakifungi breki. Barabara kuu ya Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na humo, pamoja na vibao, yamewekwa matuta ili kuwalinda wanyama. Kijiji nacho kinaweza kupeleka ombi kama hilo kwa wenye dhamana ya barabara. Kwa barabara za wilaya, ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017. Ombi lenye vipimo husikilizwa zaidi kuliko malalamiko matupu.

Jaribio

Wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu, wasimame mbali na ukingo wa barabara. Vigingi viwili vipigwe kando, vikiachana meta 50. Kwa saa yenye kupima sekunde, muda wa kila gari kutoka kigingi hadi kigingi uandikwe. Sekunde 6 ni kilometa 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni kilometa 50.

Maswali

1. Tafuta umbali wa kusimama kwa kasi ya kilometa 40 kwa saa.
2. Mvua ikinyesha, kiwango cha kupungua kwa kasi huweza kushuka hadi 2. Rudia hesabu za 30 na 50.
3. Kwa nini uzito wa gari hauonekani katika kanuni iliyotumika? Je, lori lililojazwa kupita kiasi, lenye breki chakavu, huitii kanuni hiyo?